Gari ya Kisumu iliyochemka kila AC ikiwashwa: feni ilikuwa inazunguka, lakini upepo ulikuwa unaenda wapi?

Hiki ni kisa cha kweli kutoka kwa gereji, nimetoa majina, namba ya gari, na vitu vingine vidogo nimevibadilisha ili mtu asitambulike. Mafundi waliopita kwa hii gari kabla yetu siwataji na wala sio nia yangu kuwachoma, kila mmoja alifanya kitu ambacho ukikiangalia peke yake kina maana. Shida ni kwamba hakuna aliyeuliza gari inachemka LINI.

Gari yenyewe na watu wake

Ni gari ndogo ya Kijapani, stesheni wagoni, injini ya 1500cc ya petroli, ilikuja mtumba kama zingine zote unazoziona barabarani. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anaishi upande wa Kakamega, hajui kuendesha na hataki kujua, ameipatia kijana mmoja anafanya nayo teksi na kumpelekea hesabu kila Jumapili. Kazi yao kubwa ni kuchukua abiria uwanja wa ndege wa Kisumu na kuwapeleka Kakamega, Mbale, Chavakali, mara moja moja Bungoma.

Sasa abiria wa ndege sio kama abiria wa matatu. Ametoka Nairobi kuna baridi, anashuka Kisumu saa nane mchana joto iko karibu digrii 30 na unyevu wa ziwa juu yake, kitu cha kwanza anauliza ni AC. Kwa hivyo kwa hii biashara AC sio anasa, ni sehemu ya bei, na dereva akisema AC imeharibika abiria anaita gari ingine hapo hapo.

Kingine cha kujua, hii gari haina geji ya temprecha. Iko na taa mbili tu, ya buluu inawaka injini ikiwa baridi na nyekundu inawaka ikishachemka. Katikati hapo hakuna habari. Injini inaweza kupanda kutoka 90 mpaka 110 na dereva haoni chochote, akija kuona nyekundu tayari mambo yameharibika. Magari mengi madogo tunayoendesha yako hivyo na watu wengi hawajui.

Ilivyoanza mpaka ikatufikia

Mambo yalianza polepole. Dereva aliona AC inapuliza baridi vizuri akiwa anatembea lakini akisimama kwa jem pale Kondele chini ya flaiova inageuka hewa ya vuguvugu, akianza kutembea tena baridi inarudi. Akaenda kwa mtu wa gesi, akaambiwa gesi imepungua, akaongezewa. Haikusaidia, akarudi akaongezewa tena kidogo. Hapo hakuna mtu aliyefungua boneti kuangalia kama feni ya AC inafanya kazi, na kumbe ilikuwa imekufa, kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimeisha.

Baadaye taa nyekundu ikawaka kwa mara ya kwanza, hapo hapo Kondele, AC iko kwa mwisho na abiria wanne ndani. Fundi wa kwanza akatoa termostati, ile vali inayozuia maji kuenda kwa rediaeta mpaka injini ipate joto, akatupa, akasema huku kwetu ni joto hiyo kitu ni ya nchi za baridi, akajaza maji ya bomba. Gari ikatulia siku chache.

Ikachemka tena. Fundi wa pili huyu angalau aliona feni ya upande wa AC haizunguki. Akatafuta feni ya mtumba, sio ya gari hiyo hiyo, plagi haikuingia, basi akakata waya akaunga kwa kusokota na tepu nyeusi. Na kwa sababu hakupata waya wa rilei ya feni, yaani swichi yake ya umeme, akachukua umeme kutoka kwa waya unaoenda kwa klachi ya kompresa, ile inayoshikanisha pampu ya gesi ya AC na mkanda wa injini. Mantiki yake ni rahisi, AC ikishika feni inazunguka, AC ikiachia feni inasimama. Akawasha AC, feni ikazunguka kwa nguvu, kila mtu akafurahi, pesa ikalipwa.

Na hapo ndio gari ikaharibika kabisa. Kabla ya feni mpya ilikuwa inachukua muda mrefu kwa jem kabla ya taa nyekundu kuwaka, baada ya feni mpya ni dakika kama kumi tu. Fundi wa tatu akasema kama feni inafanya na termostati haipo basi rediaeta imeziba, ikanunuliwa mpya ya aftamaketi, yaani sio ya kampuni iliyotengeneza gari. Bado. Wa nne akaangalia, akasema hiyo sasa ni silinda hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, na ukifungua utakuta hedi imepinda, afadhali utafute injini ingine. Mwalimu aliposikia injini ndipo akasema hapana, gari isimame kwanza.

Maswali kabla ya spana

Dereva alipoileta nilimwambia azime tuongee kwanza. Nayaandika hapa karibu vile tulivyoongea kwa sababu nusu ya jibu ilitoka hapo.

"Boss, inachemka ukiwa unatembea ama umesimama?"

"Nimesimama. Kwa jem."

"Ukipanda mlima wa Riat kuenda Kiboswa umebeba watu?"

"AC ikiwa imezimwa inapanda tu vizuri. Ikiwa imewashwa pia inapanda, bora nisipate lori mbele likanisimamisha."

"Na kwa jem bila AC?"

"Bila AC naweza kaa Kondele saa nzima fundi, hakuna kitu."

"Ukiteremka kurudi Mamboleo unaona nini kwa dashibodi?"

Akafikiria. "Taa ya buluu huwaka. Nilidhani ni waya."

Tulia uangalie hayo majibu. Gari inayopanda mlima imejaa watu bila kuchemka ina maji yanayozunguka, ina pampu inayofanya, na rediaeta yake haijaziba. Mlima ndio mtihani wa mzunguko wa maji, kwa sababu injini inatoa joto kubwa na upepo wa barabarani unaingia wenyewe. Jem ni mtihani wa hewa. Injini inatoa joto kidogo tu, lakini upepo haupo, kinachovuta hewa ni feni peke yake. Gari ikifaulu mlima na kufeli jem, wacha kushika rediaeta, enda kwa feni na kila kitu hewa inapitia.

AC inaingia hapo kwa njia mbili. Kompresa inakula nguvu ya injini kupitia kwa mkanda, hiyo ni kidogo. Kubwa ni kondensa. Hiyo imekaa mbele ya rediaeta, na kazi yake ni kutupa nje joto lote AC imelitoa ndani ya gari, kwa hivyo hewa inayofika kwa rediaeta tayari ni moto. Feni zikiwa sawa hilo halina neno, gari ilitengenezwa ikijua hivyo. Feni ikiwa na shida, AC ndio inayoifichua.

Na ile taa ya buluu ikiteremka haikuwa waya. Ni injini isiyo na termostati ikipoa kupita kiasi.

Tulivyopima

Injini ikiwa baridi tulifungua kifuniko cha rediaeta. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, kutu tupu, hakuna kulanti, ile dawa ya kupoza na kuzuia kutu, hata tone. Kifuniko kilikuwa kile cha zamani, raba yake imekauka na kupasuka. Watu hudharau hiki kifuniko. Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji kwa sufuria yanachemka karibu digrii 96, sio 100. Kifuniko kizima cha 1.1, namba ya presha iliyoandikwa juu yake, kinaweka presha inayosukuma kiwango hicho mpaka karibu 120. Kikiwa kimepasuka umerudi kwa sufuria, na injini ya kawaida hufanya kazi kati ya 85 na 98, sasa piga hesabu umebaki na nafasi gani.

Kwa sababu ilikuwa imechemka mara nyingi, na kwa sababu neno injini lilikuwa tayari limetajwa kwa Mwalimu, tulifanya kipimo cha hedi gasketi mapema. Ile dawa ya buluu unaiweka juu ya mdomo wa rediaeta injini ikinguruma, kama gesi ya moshi inaingia kwa maji inageuka manjano. Ilibaki buluu. Hakukuwa na mapovu ya mfululizo, oili ilikuwa safi. Dereva alipumua.

Halafu tukachomeka skana, hizi ndogo za blututhi unasoma kwa simu. Kwa gari isiyo na geji hicho ndicho kifaa cha kwanza kununua kabla hujanunua spea yoyote. Bila AC, imesimama, ilipanda taratibu mpaka 96, feni kubwa, ile ya rediaeta, ikashika, ikashuka 91, ikazima. Vizuri kabisa. Tukawasha AC. Ilifika 96, feni kubwa ikashika kama kawaida, na feni ya AC ilikuwa tayari inazunguka, feni mbili kwa wakati mmoja, na temprecha ikaendelea kupanda. 99. 101. 104. Hapo nikasema zima AC, na ndani ya muda mfupi ikaanza kushuka.

Feni mbili zinazunguka na joto linapanda. Ukiwa na haraka utasema rediaeta, na ndivyo ilivyosemwa.

Nikachukua karatasi, ilikuwa risiti ya petroli, nikaipeleka mbele ya grili. Upande wa feni kubwa risiti ikavutwa ikashikamana na wavu wa kondensa, ikakaa hapo bila kushikwa. Nikaisogeza upande wa feni ya AC. Ikaruka, ikaanguka chini karibu na bampa. Nikairudisha, ikaruka tena. Nikaweka mkono, hewa ya moto inanipiga kiganjani ikitoka mbele ya gari.

Feni ilikuwa inazunguka kinyume.

Hizi feni ni mota za DC za sumaku na kaboni, ukibadilisha chanya na hasi inazunguka upande wa pili bila kulalamika. Sauti ni ile ile, spidi karibu ile ile, ukitazama kwa macho huoni tofauti. Yule aliyeunga waya alikuta rangi za feni ya mtumba hazifanani na za gari, akaunga vile alivyodhani. Basi feni kubwa ilikuwa inavuta hewa ya nje kuingiza ndani, na jirani yake inachukua hewa ya moto kutoka kwa injini kuisukuma mbele, halafu ile kubwa inaivuta tena. Kama watu wawili kwa mtumbwi mmoja, mmoja anachota maji akimwaga nje, mwingine anayarudisha. Na kwa sababu feni hiyo ilikuwa inashika na klachi ya AC tu, bila AC gari ilikuwa mzima wa afya. Hata kule kuharibika zaidi baada ya "kutengenezwa" kukaeleweka, feni iliyokufa haisaidii lakini angalau haipingi.

Maamuzi, na kwa nini kwa mpangilio huo

Hapa ndipo tuliongea sana na Mwalimu kwa simu. Yeye alitaka kitu kimoja, aambiwe shida ni nini na ni pesa ngapi, ashachoka. Nikamwambia, "Mwalimu, shida iliyoiangusha gari tumeiona na haihitaji spea. Lakini kuna vitu vingine vimeharibiwa njiani, hivyo tutavifanya kimoja kimoja nikikuonyesha namba." Akasema, "Sawa fundi, lakini mimi sinunui kitu ambacho hujakipima."

Kwa hivyo cha kwanza ilikuwa kugeuza waya mbili za feni na kupima kabla ya kugusa kingine chochote. Tungefanya kila kitu kwa pamoja gari ingepona pia, lakini hakuna ambaye angejua ni nini kilichoiponya, na Mwalimu angebaki akidhani ni ile rediaeta. Tukageuza, tukaunga kwa risasi ya kuyeyusha na kufunika na mrija unaojikaza ukipashwa joto. Risiti ikavutwa pande zote mbili. Na AC imewashwa, imesimama, temprecha ikafika 100 ikakaa hapo. Haikupanda tena, lakini pia haikushuka vile ningependa.

Cha pili, kondensa. Tulilegeza rediaeta juu tukaiinamisha kuelekea injini, tukapiga tochi katikati. Rediaeta mpya ilikuwa safi inameta, imefungwa nyuma ya kondensa ambayo haijawahi oshwa tangu itoke Japani. Mtu wa Kisumu anajua wale wadudu wadogo wa ziwa, wanatoka ziwani wingu zima jioni, ukipita nao barabarani kioo kinajaa. Kwa kioo unapanguza, kwa kondensa wanabaki. Walikuwa wamekauka tabaka kwa tabaka, wamechanganyika na vumbi na oili, robo ya chini ya kondensa huwezi kuona mwanga ukipita. Tulipulizia sabuni ya povu tukaiacha iloweke, halafu maji ya bomba ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuja mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari hatukutumia kwa sababu inalaza mapezi ya aluminiamu, na mapezi yakilala umeziba kwa mikono yako mwenyewe. Tulipopima tena, 97 ndio ilikuwa juu kabisa, ikishuka 93.

Cha tatu, gesi. Tulijua imeongezwa bila kupimwa. Geji ya upande wa presha ya juu ilisoma 275 psi gari ikiwa imesimama, na hiyo ni baada ya feni na kuosha. Kwa R134a, gesi ya AC ya gari hii, kwa joto kama la siku hiyo ningetarajia kati ya 180 na 230. Tukanyonya gesi yote kwa mashine na kuipima, zikatoka gramu 620, na kibandiko kilicho chini ya boneti kinasema 450. Tukarudisha 450. Presha ikakaa 215, na hewa ndani ikatoka baridi hata gari ikiwa imesimama. Mtu anadhani gesi nyingi ni baridi nyingi, hapana, ikizidi kondensa inajaa majimaji, presha inapanda, kompresa inasukuma kwa taabu na joto linalotupwa mbele ya rediaeta linaongezeka.

Cha nne, termostati, na hapa ndipo Mwalimu alikataa kwanza. "Si umesema inapata joto, sasa unairudishia kitu cha kuzuia maji?" Swali zuri kabisa. Nikamweleza kwamba termostati ikifunguka haizuii chochote, inafunguka kuanzia digrii 82 hivi, na chini yake hii ina sahani ya pili ambayo ikisukumwa inaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwa injini bila kupitia rediaeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji moto haifiki kwa rediaeta kabisa. Kwa hivyo injini ya aina hii bila termostati inakuwa baridi sana barabarani na moto zaidi kwa jem. Dereva akaongezea hapo nyuma kwamba petroli pia ilikuwa inaisha haraka siku hizi. Hilo ndilo lililomshawishi Mwalimu, sio sahani yangu ya pili.

Termostati mpya, kifuniko kipya cha 1.1, tukasafisha maji mpaka yakatoka bila rangi, tukajaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa madini, na kutoa hewa hita ikiwa imefunguliwa mwisho.

Cha tano kilikataliwa. Nilitaka kuondoa ule muungano wa feni na waya wa klachi, niweke rilei na fyuzi yake. Klachi ya kompresa inakula ampea tatu nne hivi, na hii feni tulipoipima ilikuwa inavuta karibu 11. Waya na rilei ya klachi haikutengenezewa mzigo huo. Mwalimu akasema pesa imeisha, gari ifanye kazi kwanza, mwisho wa mwezi irudi. Nikaandika kwa risiti kwamba kazi hiyo imebaki, nikamwonyesha dereva fyuzi iko wapi, nikamwambia akisikia harufu ya plastiki kuungua azime AC.

Matokeo

Dereva alienda Kondele saa kumi jioni makusudi na skana kwa simu. Alinitumia picha: AC kwa namba mbili, gari imesimama, 95. Akapanda Riat na watu wanne na mizigo, haikuvuka 98. Kuteremka haikurudi kwa buluu.

Mwisho wa mwezi haukufika. Wiki ya tatu AC ilizima ghafla karibu na Chavakali, na ilipoletwa rilei ya klachi ilikuwa imeyeyuka upande mmoja mpaka soketi ikabadilika rangi. Injini haikuguswa, kwa sababu AC ikizima joto pia linapungua, lakini soketi ya rilei ilibidi ibadilishwe na sehemu ya waya, kwa hivyo kile kilichoahirishwa kilikuja kugharimu karibu mara mbili. Sasa feni ina rilei yake, fyuzi yake, na inapata amri kutoka kwa waya wake wa asili ambao tuliupata umekatwa na kusukumwa nyuma ya taa.

Ile rediaeta ya aftamaketi bado iko kwa gari. Ya zamani ilikuwa imeshauzwa kwa watu wa skrapu, kwa hivyo kama ilikuwa mzima hatutajua, ingawa kwa vile gari ilikuwa inapanda mlima mimi naamini haikuwa na neno.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutenganisha jem na mlima. Dereva alikuwa nayo hiyo habari siku zote, wala haikufichwa, ila kila fundi aliambiwa "gari inachemka" na akachukua hapo. Dereva wa teksi anakaa kwa gari saa kumi na mbili kwa siku, anajua tabia yake kuliko skana. Ile habari ya kwanza kabisa, AC baridi ukitembea na vuguvugu ukisimama, ilikuwa inatosha kumpeleka mtu kwa feni siku ile ile kabla gesi haijaongezwa. Gesi ikipungua, kwa kawaida baridi hupungua hata ukitembea.

Kilichoshindwa kwa wale wanne sio ujuzi. Fundi wa pili aliona ukweli, feni imekufa, na alibadilisha kitu sahihi. Alikosa jambo moja la mwisho la kujua kama kazi imetenda, akaridhika na feni kuzunguka. Mimi naona hilo kila wiki, na sio kwa feni tu. Pampu mpya inazunguka lakini haisukumi, AC inashika lakini haipozi. Mtu anapima kama kitu kinatembea, hapimi kama kinafanya ile kazi iliyokileta hapo.

Halafu kuna hili la kurundika matengenezo juu ya matengenezo. Kufika kwetu gari ilikuwa na shida ya asili moja, kaboni za feni, na juu yake shida zilizoletwa na gereji: gesi kuzidi, termostati kutolewa, kutu ya maji ya bomba, feni kinyume, na waya uliobebeshwa mzigo. Ile ya asili ilikuwa ishaondoka na feni ya zamani. Kila kitu tulichotengeneza sisi, ukiondoa wadudu na kifuniko, kilikuwa kazi ya mtu mwingine. Ndio maana nasisitiza kupima baada ya kila hatua, sio kwa sababu ya usomi, ni kwa sababu usipopima hujui kama umetoa shida ama umeongeza.

Kwa dereva aliye barabarani na hana muda wa hayo yote: taa nyekundu ikiwaka kwa jem, zima AC, fungua hita mwisho na vioo vyote, maana hita nayo ni rediaeta ndogo na abiria watavumilia dakika mbili. Toka barabarani usimame pembeni. Ikiwa kuna mvuke, zima injini kabisa na usiguse kifuniko mpaka bomba la juu liweze kushikika kwa mkono. Kisha siku ukiwa umetulia washa AC gari ikiwa imesimama, chukua risiti yoyote, pitisha mbele ya grili kutoka kushoto mpaka kulia, ukiiweka mbali na mkono usiingie kwa feni. Mahali popote ambapo haivutwi, ama inarudishwa, hapo ndipo utaanzia, na huyo fundi anayekuuzia rediaeta mwambie ashike hiyo karatasi yeye mwenyewe kwanza.